Ukadiriaji wa Matumizi ya Nishati katika Mifumo ya Kompyuta Pachikwa: Mkabala wa Gharama ya Amri

Kompyuta pachikwa ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kifaa kingine, kama vile mita ya maji au pampu ya dawa, na aghalabu hutegemea betri. Kwa hiyo, msanifu hana budi kujua mapema kifaa kitadumu kwa muda gani. Makala haya yanafafanua mkabala mmoja wa kukadiria nishati hiyo na kubainisha mipaka yake.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha nguvu na nishati. Nguvu ni zao la volteji na mkondo. Nishati ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa muda. Kwa volteji 3.3, programu inayotumia miliampia 30 kwa sekunde 2 hugharimu jouli 0.198, ilhali inayotumia miliampia 20 kwa sekunde 4 hugharimu jouli 0.264. Programu yenye nguvu ndogo, basi, si lazima iwe ndiyo inayohifadhi betri.

Kukadiria nishati kwa kuiga mwenendo wa kila transista huhitaji michoro ya ndani ya kichakataji, ambayo mwandishi wa programu kwa kawaida hana. Tiwari, Malik na Wolfe (1994), wa Chuo Kikuu cha Princeton, walipendekeza njia nyingine: kupima mkondo wakati kichakataji kinarudia amri ileile katika kitanzi. Kitanzi hicho huwa kirefu kiasi kwamba amri ya kurudi mwanzo haiathiri wastani, lakini si kirefu kupita uwezo wa kache. Kipimo kinachopatikana ndicho gharama ya msingi ya amri husika. Gharama mbili zaidi huongezwa: ile inayotokana na mabadiliko ya hali ya saketi amri moja inapofuatwa na nyingine tofauti, na ile ya matukio kama vile kukosa data katika kache. Jumla ya gharama hizo tatu ndiyo makadirio ya nishati ya programu.

Ubora wa mkabala huu ni kwamba hauhitaji siri za mtengenezaji. Hata hivyo, unaeleza kichakataji kinapofanya kazi tu, ilhali vifaa vingi vya betri hulala sehemu kubwa ya muda wake. Chukulia kifaa chenye betri ya miliampia-saa 2,000, kinachotumia miliampia 20 kwa asilimia 1 ya muda na mikroampia 5 kinapolala. Wastani wake ni takriban miliampia 0.205, nacho kitadumu kwa siku 407 hivi. Iwapo mkondo wa kulala ni mikroampia 50, muda huo hushuka hadi siku 334, ingawa hakuna amri hata moja iliyobadilika. Hesabu hii haijazingatia betri kujipunguza yenyewe.

Kutokana na ufafanuzi huu, ni dhahiri kuwa gharama ya amri ni kigezo cha lazima lakini kisichotosheleza. Makadirio yanayoaminika yanapaswa kujumuisha hali zote za kifaa, ikiwemo ya kulala, na kuthibitishwa kwa vipimo kwenye saketi halisi. Pasipo hivyo, kosa dogo lisiloonekana mezani hugeuka miezi ya huduma iliyopotea kwa mtumiaji.