Mnada wa Mlangoni pa Kanisa

Kila Desemba sharika zetu za Kilimanjaro hujaa watu waliorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, na kila Desemba nasikia swali lilelile kutoka kwa wageni wanaofuatana nao: "Mchungaji, mbona ibada ikiisha tu mnafungua soko?" Wanauliza kwa upole, lakini hukumu imo ndani. Wengine hunikumbusha jinsi Bwana Yesu alivyopindua meza za wabadili fedha hekaluni. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote.

Kwetu sadaka haikuanza na noti. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 waliwakuta watu wenye migomba, ng'ombe wa kufugwa ndani na mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu. Fedha ilikuja baadaye na kahawa, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Lakini fedha ya kahawa iliingia kwa msimu, tena iliingia mkononi mwa baba. Ndizi, maziwa na mayai vilikuwa vya mama, naye ndiye aliyevipeleka sokoni, kama anavyofanya hadi leo. Mama ambaye hakuulizwa fedha ya kahawa itumikeje alikuwa na mkungu wake mwenyewe wa kubeba kichwani hadi kanisani. Akiuweka mbele ya madhabahu, ametoa kilicho chake, na hakuomba ruhusa ya mtu. Ukiniambia leo kwamba mkungu ule unachafua ibada, nitakuuliza ni nani hasa unayetaka asitoe.

Sasa tazama sadaka hizi zinavyonadiwa. Baada ya baraka watu hutoka wakiimba. Wa kwanza husimama nje ya mlango, wa pili humpa mkono na kusimama kando yake, wa tatu huwapa mkono wote wawili, na hivyo hivyo hadi kila mtu awe amemshika mkono kila mtu, kuanzia mtoto wa shule ya Jumapili hadi bibi anayetembelea fimbo. Wamo majirani wanaogombea mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na mikono yao hukutana hapo. Tukiisha kuomba, mzee wa kanisa huinua kitambaa kilichofungwa mayai.

"Mayai haya, nani anaanza?"

"Elfu tatu!"

"Elfu tatu, mara ya kwanza..."

"Nne!"

Bei hupanda hadi ipite ya soko la Mwika, na hakuna asiyejua bei ya Mwika. Aliyeshinda hulipa, kisha husema, "Narudisha, yanadiwe tena." Yananadiwa tena. Wa pili naye hulipa na kusema, "Mpeni mgeni wetu aliyetoka Singida." Mgeni hupokea kwa mikono miwili, na akina mama hupiga vigelegele. Sokoni muuzaji hutafuta faida. Hapa aliyeleta haondoki na senti, na aliyenunua mara nyingi haondoki na yai. Wale wa hekaluni walikuwa wakijipatia riziki kwa ibada za wenzao. Sioni mahali mambo haya mawili yanapokutana.

Wapo pia wanaoona vibaya kwamba mgeni huombwa asimame katikati ya matangazo, ataje jina na anakotoka. Wanasema tunamwaibisha. Ni kweli, kuna mtu mwenye haya anayetamani kukaa kimya, na mzee wa kanisa mwenye busara humtambua na kumwacha. Lakini kiongozi wa jumuiya atajuaje kwamba muuguzi mpya wa zahanati amepanga kwa fulani na hana ndugu huku, kama hakusimama akatajwa? Akitajwa, Jumapili hiyo hiyo atakula mtori kwa watu, na akiugua Jumatano yupo wa kumtazama.

 

Bruno Gutmann, mmisionari aliyekuja huku mwaka 1902 na kukaa muda mrefu Moshi ya zamani, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa halina ruhusa ya kuvikata. Wapo waliomlaumu, hata miongoni mwa Wachagga wenyewe, kwamba alipenda mno mambo ya kale. Katika jambo hili nasimama naye, kwa sababu wazee wetu walijua kusamehe kabla hatujapewa katekisimu. Mchagga aliyekukosea akikujia na jani la isale mkononi, unampokea. Hupangi bei, wala humrudishi akatafute jani kubwa zaidi. Isale hilohilo ndilo tulilopanda kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi ya wazee wetu.

Basi huniuma kuona tunavyowafanyia wanaorudi kundini. Binti aliyezaa kabla ya ndoa husimamishwa mbele ya usharika, kichwa chini, huku kijana aliyempa mimba amekaa kwenye kwaya akishika sauti ya besi. Huniuma zaidi ninapohudhuria msiba ambapo mhazini anafungua daftari la bahasha za sadaka kwanza, ndipo ijulikane kama marehemu atazikwa na mchungaji au na ndugu zake tu. Nimesikia hoja za utaratibu na uwajibikaji, na sizikubali. Injili tunayohubiri ni ya baba aliyemkimbilia mwanawe akiwa bado yu mbali. Mila ya isale ilitufundisha jambo hilohilo. Kanisa lililopokea vyote viwili haliwezi kuwa gumu kuliko wapagani liliowabatiza.

Na sasa kile tulichokuwa tukikifanya vizuri ndicho kinachoondoka. Mjini kuna ibada tatu kila Jumapili. Wa ibada ya pili wamesimama getini wakingoja, na wa kwanza hawana nafasi wala muda wa kupeana mikono. Namba ya kulipia kwa simu imebandikwa ukutani, sadaka inatumwa kabla mahubiri hayajaisha. Sina ugomvi na simu. Imeezeka makanisa mengi. Lakini desturi hii imeanza kupanda mlimani. Nimeona mama akiambiwa mlangoni arudi na mkungu wake, akauuze sokoni, alete fedha taslimu. Aliurudisha. Jumapili iliyofuata hakuja.

Nawaomba wazee wa mabaraza ya sharika: mnapopanga ratiba ya mwaka, achieni nusu saa kati ya ibada na ibada ili watu washikane mikono na vitu vinadiwe. Binti akisimamishwa mbele, na kijana asimame naye. Marehemu azikwe kwanza, daftari lifunguliwe baadaye au lisifunguliwe kabisa. Na mama akifika na mkungu kichwani, mtueni, mwingizeni ndani.