Kinyunyizio Chini ya Bati la Pwani

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Mwenye ghala la ufuta au korosho upande wa Lindi analo la kujifunza hapo: moto ukizuka siku kama ile, gari la zimamoto halifiki. Na hata mjini moto haungoji. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, katikati kabisa ya Dar es Salaam.

Ndiyo maana maji yanapaswa kuwa tayari juu ya magunia. Wengi hudhani moto ukiwaka, vinyunyizio vyote hufunguka na ghala zima likalowa. Sivyo. Katika mfumo wa kawaida, kila kichwa kina kichupa cha kioo chenye kimiminika. Joto likizidi, kichupa hupasuka na kichwa hicho peke yake hutoa maji. Chekundu hupasuka kwenye nyuzijoto 68, cha njano 79, cha kijani 93.

Bati ndilo linaloleta kazi. Kichupa chekundu kimekusudiwa mahali ambapo joto la juu halizidi nyuzijoto 38, na ghala lisilo na dari, jua la saa nane mchana, hupita hapo kwa urahisi. Fundi makini hupima joto chini ya bati kwanza, kisha huchagua cha njano au cha kijani.

Halafu kuna urefu. Hewa ya moto hupanda na kutanda chini ya paa, kwa hiyo kichwa kilichoning'inizwa chini mno huchelewa kuhisi moto. Kwa dari bapa, viwango vya Marekani vya NFPA 13, vinavyofuatwa nchi nyingi, hutaka kisahani cha kutawanyia maji kiwe kati ya sentimita 2.5 na 30 chini yake. Kwenye paa la mgongo, joto hukimbilia kileleni. Huko nako lazima kuwe na safu ya vichwa.

Kwa bidhaa za hatari ya kawaida, kichwa kimoja hakipewi zaidi ya meta za mraba 12, na kutoka kichwa hadi kichwa isizidi meta 4.6. Wapo wanaovibananisha wakidhani wanaongeza usalama. Vikiwa chini ya meta 1.8, kilichofunguka humlowesha jirani yake, kichupa kikapoa, kisipasuke kabisa.

Magunia nayo yaishie angalau sentimita 46 chini ya visahani, la sivyo maji hayatawanyiki. Yakirundikwa kupita meta 3.7, mfumo mzima hupigiwa hesabu upya.

Karibu na bahari, vichwa viwe vya kuhimili kutu. Na mpaka rangi akikipaka kimoja kwa bahati mbaya, kisikwanguliwe: king'olewe, kifungwe kipya.