Vipimo vya mitambo yetu ni mali ya nani?

Ukiambiwa benki kwamba "mtandao unasumbua", ujue kuna mafundi wanaohangaika kutafuta ugonjwa uko wapi. Macho yao ni programu za kufuatilia mitambo. Hizo hukusanya mambo matatu: vipimo vya kazi ya mashine, kumbukumbu za kila tukio, na nyayo za kila ombi linapopita kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Kwa miaka mingi kila kampuni iliyouza programu hizo ilikuwa na lugha yake. Mnunuzi alipachika vipande vya muuzaji ndani ya programu zake mwenyewe. Bei ikipanda, kuhama kulimaanisha kufumua kila kitu na kushona upya. Muuzaji alilijua hilo, naye alipanga bei vilivyo.

Ndipo viwango huria vilipoingia. Mwaka 2019 miradi miwili iliyokuwa ikishindana, OpenTracing na OpenCensus, iliungana ikawa OpenTelemetry, chini ya taasisi ya Cloud Native Computing Foundation. Lengo ni kuwa na namna moja ya kuandika na kusafirisha vipimo. Fundi apachike mara moja, kisha avipeleke kwa muuzaji yeyote anayekubali kiwango hicho. Ni kama holda ya taa: balbu ya kiwanda chochote huingia, mradi imefuata kipimo.

Je, wafanyabiashara wamekwisha? La hasha. Septemba 2023 Cisco ilitangaza kuinunua Splunk, moja ya kampuni hizo, kwa dola bilioni 28 hivi. Kiwango chenyewe hakihifadhi vipimo wala hakichori michoro. Ghala bado lahitajika: ama ulipie la muuzaji, ama ujenge lako na kuajiri mafundi wa kulilinda. Huria si bure. Isitoshe, michoro na ving'ora ulivyotengeneza kwa muuzaji mara nyingi havihamishiki.

Kwa hiyo, taasisi zetu, hasa zinazotumia fedha za umma, ziulize maswali mawili kabla ya kutia saini. Vipimo vyetu vitaandikwa kwa lugha ya nani? Na siku tukitaka kuondoka, tutaondoka na nini? Muuzaji asiye na majibu ya kueleweka asipewe kalamu.