Kabla Hujaniambia Nikuwekee i7

Kompyuta ikianza kuwa nzito, lawama zote huiangukia prosesa. Hapa Songwa wateja wangu wengi wanafika na jibu mkononi: "Fundi, niwekee i7." Sibishani nao. Nawaomba wakae kidogo, tuwashe mashine, tubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke.

Juzi alikuja mwalimu mmoja wa sekondari na Dell OptiPlex 7010, mtumba wenye Core i5-3470 ya mwaka 2012 na RAM ya GB 4. Tukafungua Excel yenye matokeo ya wanafunzi, na kivinjari pembeni. Kidirisha kikatuonyesha: prosesa asilimia 11, RAM imejaa, diski asilimia 100 na haishuki.

"Sasa mwalimu, hapo nani kazidiwa?"

"Diski."

"Na prosesa?"

Akacheka. "Imekaa tu."

Wachimbaji wa Geita wataelewa haraka: karasha hata iwe kubwa namna gani, mawe yakiletwa kwa ndoo itazunguka tupu. RAM ikijaa, Windows huanza kuifanya diski kuwa RAM, na hapo ndipo kila kitu kinaganda. SSD ya kawaida ya SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka inahangaika kufika 150, tena faili ziwe zimepangana. Zikiwa vipandevipande ni balaa. Mwalimu aliondoka na SSD na RAM ya GB 8. Prosesa ni ileile.

Je, angeweka i7? Inayoingia kwenye madhabodi yake ni kama i7-3770: viini vinne vilevile, GHz 3.4 badala ya 3.2, ila kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja. Kwenye Excel na barua za kuomba kazi asingeiona tofauti.

Mteja mwingine anarekodi harusi. Akianza kutoa video, viini vyote vinagota asilimia 100 na diski imetulia. Huyo kweli ana tatizo la prosesa. Hata hivyo nilianza kwa kufungua kifuniko, maana vumbi la huku kwetu si la mchezo: bati la kupozea lilikuwa limeziba. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi isiungue. Nikapuliza, nikafuta pesti iliyokauka, nikapaka mpya. Ikapata nafuu, lakini kazi bado ilikuwa kubwa kuliko mashine. Nikamshauri abadili mashine nzima, kwa sababu prosesa za kisasa hazikai kwenye soketi ya 2012 kama yake. Zinataka madhabodi yake na RAM yake.

Hapo sasa ndipo watu wanaibiwa kwa GHz. i5-8400 ya 2017 imeandikwa 2.8 tu, lakini ina viini sita na kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo inaiacha mbali i5-3470 yenye 3.2. Na i3-12100 ya 2022 inaipita i7-3770, pamoja na ukubwa wote wa jina la i7.

Kuna na suala la Windows. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Wapo mafundi wanaoipitisha kwa ujanja. Mimi kwenye kompyuta ya ofisi sifanyi. Mwalimu nilimweleza hilo wazi, akaona bora ajikokote kwanza, akusanye hela ya mashine ya kizazi cha 8. SSD atahama nayo. RAM hapana, ile ni DDR3.

Ukienda kununua Mwanza au Kariakoo, usikubali kuambiwa "hii ni i5" basi. Uliza namba nzima. Kwa hizi nilizotaja, ukitoa tarakimu tatu za mwisho, inayobaki ndiyo kizazi: 3470 ni cha 3, 8400 cha 8, 12100 cha 12. Muuzaji akianza kuzunguka, mwambie aiwashe, ufungue Task Manager, usome mwenyewe.