Filme ya kuogopesha: kuna nini ndani ya ndoo?

Muzazi mupendwa, jioni moja uulize watoto wako: "Leo mulitazama nini?" Pengine watakujibu juu ya mupira. Lakini wengi watakuambia juu ya filme yenye nyama kubwa inayokula watu. Waliitazama kwa jirani, ao katika nyumba ya video wanakolipisha feza kidogo, ao katika simu ya kaka yao. Wewe ulikuwa kazini, mama alikuwa sokoni. Usiku mutoto anapiga kelele, anakojoa kitandani, anasema kitu kiko chini ya kitanda.

Sasa tutafanya nini? Wengine wanamucheka mutoto. Wengine wanamupiga fimbo. Tena kuna wale wanaoanza kunongona kwamba huyu mutoto iko na kitu ndani yake, na hawa ndio wanaoleta hatari kubwa. Ninataka sisi pamoja tuchukue filme moja ya namna hii na kuifungua, kama fundi anavyofungua radio juu ya meza, tuone kile kiko ndani.

HADISI YENYEWE

Filme hiyo inaitwa The Blob. Ilitoka Marekani katika mwaka 1958. Usiku mumoja jiwe linaanguka kutoka juu mbinguni karibu na muji mudogo. Muzee mumoja analigusa kwa fimbo. Kitu laini kama uji kinatoka, kinapanda juu ya fimbo na kumukamata mukono. Kijana Steve na rafiki yake Jane wanamupeleka kwa munganga. Lakini kile kitu kinamula muzee, kinamula mwanamuke anayesaidia munganga, kinamula na munganga mwenyewe. Kila mara kinapokula mutu kinakuwa kikubwa zaidi na chekundu zaidi.

Hakina macho, hakina meno, hakina sauti. Kinapita chini ya mulango. Kinaingia katika nyumba ya sinema, na watu wanatoka mbio barabarani. Mwisho kinafunika nyumba ya chakula, watu wakiwa ndani.

Angalieni jambo moja, wapendwa. Tangu mwanzo vijana wanajua hatari, wanaenda kwa polisi, wanawaambia wazazi. Wakubwa hawaamini. Wanasema ni muchezo wa vijana. Muji unaponea karibu na mwisho, wakati wakubwa wanaanza kusikiliza. Steve anaona kwamba kile kitu kinaogopa baridi. Baba ya Jane, mukubwa wa masomo, anavunja kioo cha masomo yake mwenyewe kwa jiwe ili vyombo vya kuzimia moto vitolewe, kwa sababu vinatoa hewa ya baridi kali. Kitu kinaganda, ndege inakipeleka kwenye inchi ya barafu, na filme inaisha kwa alama ya ulizo.

WALIOITENGENEZA

Wasomaji wengi watashangaa hapa. Mutu aliyeongoza kazi hiyo, Irvin Yeaworth, alikuwa Mukristo, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filme za dini na za mafundisho katika jimbo la Pennsylvania. Studio yake ilikuwa ndogo, mu kijiji cha Chester Springs. Mufanya biashara Jack Harris ndiye aliyeleta mupango wa filme ya nyama ya kuogopesha. Feza zilikuwa kidogo: karibu dola 110,000. Kwa mutu wa cité ni mali nyingi, lakini kwa sinema ya Marekani, hata wakati ule, ilikuwa bei ndogo sana.

Basi walifanya kama mama anavyofanya wakati mushahara umechelewa: walitumia kile kilichokuwa karibu. Nyumba ya sinema katika filme ni nyumba ya kweli, Colonial Theatre ya muji wa Phoenixville, na ingali inasimama hata leo. Kila mwaka watu wa muji ule wanafanya sikukuu, wanakusanyika ndani yake na kutoka mbio wakipiga kelele, wakicheka, kama katika filme.

NYAMA YA NDOO

Na ile nyama yenyewe? Ilikuwa silikoni, kitu kizito kinachonata kilichotoka kwa kampani ya Union Carbide, na ndani yake walitia rangi nyekundu. Kompyuta haikuingia katika kazi ile hata kidogo. Ilikuwa mikono ya watu.

Walitengeneza nyumba ndogo juu ya meza. Wakafunga kamera pamoja na meza. Walipoinamisha meza, kamera iliinama pamoja nayo, kwa hiyo macho yako yanaona nyumba inasimama sawa, na silikoni inatembea yenyewe. Kwa ile nyumba ya chakula walitumia foto tu. Waliweka silikoni juu ya foto, wakatikisa meza mpaka ikaanguka, kisha wakageuza filme irudi nyuma. Wewe unayetazama unaona kitu kinapanda juu ya nyumba. Kweli kilikuwa kinashuka!

Silikoni ile haikukauka. Ingali imetunzwa katika ndoo, na wageni wa sikukuu ya Phoenixville wanaweza kuiona. Kitu kilichotetemesha maelfu ya watu, mutu mumoja anakibeba kwa mukono.

Nabii Isaya, katika sura ya 44, anaeleza juu ya mutu anayekata muti, nusu anapikia chakula, nusu anachonga mungu na kuuinamia. Mutu anasahau kwamba ni muti uleule. Na sisi mbele ya televizyo tunasahau ndoo.

MUTOTO HAJUI NDOO

Mutu mukubwa anaweza kucheka. Mutoto wa miaka sita hawezi. Kwake, kile macho yameona kiko. Mama mumoja alinifikia na mutoto wake asiyelala tangu siku ine. Mutoto alikuwa anasema, "Ile kintu nyekundu itakuya kukula mama." Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia mama: "Huyu anaona mambo ya usiku, ni mulozi." Nilimuuliza mutoto kwa upole: "Uliiona wapi?" Akajibu bila kungoja: "Ku televizyo ya kwa papa Yule." Hakuna aliyekuwa amemuuliza ulizo lile dogo.

Wapendwa, munajua watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani kwa neno "mulozi", wakalala sokoni, ao wakaenda kutafuta mawe katika mashimo ya madini. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi. Sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Ndoto mbaya haiko ushuhuda wa kitu chochote. Ni ndoto.

HATARI ISIYOPIGA KELELE

Kijana Steve aliigizwa na Steve McQueen, ambaye kiisha akajulikana dunia nzima. Mwishoni mwa maisha yake alimuamini Kristo. Alikufa katika mwaka 1980 akiwa na miaka 50, kwa kansa inayoitwa mesotelioma. Ugonjwa ule mara nyingi unaletwa na mavumbi ya amianti, yanayoingia kifuani na kungoja miaka mingi.

Sisi tunaokaa karibu na madini tusikie vizuri. Mutoto anaogopa silikoni ya ndoo, lakini anacheza bila woga kandokando ya shimo lililojaa maji, na kwenye mavumbi nyuma ya magari makubwa. Kazi ya muzazi ni kumufundisha woga unaofaa.

FANYENI HIVI

Kwanza, ujue mutoto anatazama nini, wapi na pamoja na nani. Filme hizi si za watoto wadogo.

Pili, akiogopa, usimucheke, usimupige. Angalia chini ya kitanda pamoja naye, ukiwa na taa. Omba pamoja naye, na ukae mpaka alale.

Tatu, umuonyeshe ndoo. Chukua sinia, bandika juu yake nyumba ndogo ya karatasi. Tia unga wa muhogo kijiko kimoja ndani ya maji, upike kidogo mpaka unate, ongeza mafuta ya ngazi upate rangi. Mimina, inamisha sinia polepole. Mutoto mwenyewe ainamishe. Yule anayeitembeza nyama kwa mukono wake hataiogopa sana usiku.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA JAMAA

1. Katika filme, kwa nini wakubwa hawakuwaamini vijana? Katika nyumba yetu, nani anasikilizwa, na nani hasikilizwi?

2. Mutoto wa jirani akiitwa mulozi, tutasema nini, na tutasema mbele ya nani?

3. Katika kartié yetu kuna mashimo gani ambayo watoto wanapaswa kuogopa kweli? Baba aende nao Jumamosi, awaonyeshe.