Uzito, Tungamo na Densiti: Mfano wa Dhahabu

Wafasiri wa vitabu vya sayansi hukutana mara kwa mara na kauli isemayo kwamba dhahabu ni nzito kuliko chuma. Katika mazungumzo ya kila siku kauli hiyo haina ila. Katika fizikia ina kasoro, kwani kilo moja ya dhahabu na kilo moja ya chuma zina uzito ulio sawa. Ni kitu gani basi kinacholinganishwa?

Tuchukue mfano wa Kigwa, mashariki ya Tabora, ambako misafara ya karne ya 19 ilipita ikienda na kutoka pwani. Mizigo ilipimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi. Wapagazi wawili, mmoja wa nguo na mwingine wa waya wa shaba, waliweza kubeba frasila zilizo sawa, lakini mzigo wa nguo ulikuwa mkubwa na wa waya mdogo. Kwa kipimo hicho hicho, frasila ya maji hujaza lita 16. Ya chuma, lita 2. Ya risasi, lita 1.4. Frasila ya dhahabu haifikii hata lita moja: ni lita 0.83 tu.

Hapa hatuna budi kutenganisha istilahi tatu. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo kwayo dunia hukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Densiti ni tungamo likigawanywa kwa ujazo. Densiti ya dhahabu ni gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Ya fedha ni 10.5, na ya chuma ni 7.9.

Wako wanaopendelea neno msongamano badala ya densiti, kwa kuwa lina asili ya Kibantu. Tunaliheshimu neno hilo, nalo lafaa sana kwa habari za watu mijini. Lakini katika madini lapotosha. Atomu za dhahabu na za fedha zimepangwa kwa mpango mmoja na kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Hazikusongamana zaidi katika dhahabu. Tofauti ni kwamba atomu moja ya dhahabu ina tungamo linalokaribia mara mbili ya lile la atomu ya fedha.

Jambo hili si la darasani tu. Mchimbaji mdogo wa Nzega akitaka kujua kama kipande alichookota ni dhahabu au ni pairiti, ambayo densiti yake ni 5 tu, mizani peke yake haimsaidii; lazima apime pia maji yanayosukumwa na kipande hicho. Mwongozo uliofasiriwa kwa neno “uzito” utamwachia nusu ya kazi, na hasara itakuwa yake.