Bia huonjwa, sahani hulipa: Nafasi ya mchuuzi wa mpakani

Jioni ya Jumamosi, upande wa Kenya na upande wa Uganda wa mpaka wa Busia, chungu cha ajono hakinywewi na mtu mmoja. Watu huketi kwa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kwenye ncha. Mwenyeji hupita na birika la maji moto akiongeza kila pombe inapopungua. Pembeni pana karanga za kukaanga, mihogo au nyama. Watu huonja, husifu, hukosoa, kisha huingia kwenye habari za biashara.

Desturi hiyo ya Wateso, ambayo wengine huiita malwa, sasa ina ndugu yake mjini. Marafiki hujikusanya, hulipa kiingilio na kwenda kuonja bia za viwanda vidogo. Kampala kuna Banange, Nairobi kuna 254 Brewing Company, na Kigali kuna Kweza, kiwanda kilichoanzishwa na wanawake.

Katika kuonja kwa namna hii, mteja hapewi chupa nzima. Huwekewa glasi ndogo nne hadi sita, akaanza na bia nyepesi na kumalizia na ile nyeusi, ili ulimi usichoke mapema. Kila glasi hutafutiwa chakula chake. Bia nyepesi huenda vizuri na samaki au dagaa wa kukaanga, kwa sababu povu lake huondoa mafuta mdomoni. Ile chungu hukata mafuta ya nguruwe au mbuzi aliyenona. Bia nyeusi, iliyotokana na kimea kilichokaangwa sana, hupatana na nyama choma.

Je, mfanyabiashara wa mpakani anapata nini hapo? Wengi hukimbilia chupa. Wakisikia bia fulani inapendwa ng'ambo, hufikiria kubeba kreti mbili tatu na kuuza. Hapo ndipo mtaji unapoweza kuishia.

Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, humwondolea mchuuzi ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili husika. Lakini hakifuti kodi za ndani. Bia hutozwa ushuru wa bidhaa na VAT katika nchi inakouzwa, na Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina stempu yake ya ushuru. Chupa yenye stempu ya Uganda haiwi halali kwenye rafu ya Kenya kwa sababu tu imevuka mpaka. Ongeza leseni ya kuuza pombe, na joto la barabarani ambalo huharibu haraka bia isiyopashwa moto kiwandani. Anayepitia njia za panya naye anaweza kupoteza mzigo wote kwa siku moja.

Sasa tazama sahani na gunia. Ajono hutengenezwa kwa ulezi. Busaa huhitaji unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Mbege ya Kilimanjaro ni ndizi mbivu na kimea cha ulezi pia. Hata viwanda vikubwa vimeshaonyesha njia: Uganda ilipata bia ya Eagle ya mtama mwaka 2002, na Kenya ikapata Senator Keg mwaka 2004, ambayo baadaye ilifungulia wakulima wa mtama soko kubwa. Yeyote anayepika pombe hurudi kutafuta nafaka, na anayeionja hutafuta cha kutafuna.

Lakini piga hesabu kabla ya kukopa. Kundi la watu 30, kila mmoja akila gramu 100 za karanga, humaliza kilo 3 tu. Ukihudumia kumbi nne kila wiki, ni kilo 12, yaani kilo 48 kwa wiki nne. Hilo ni zaidi kidogo ya nusu ya gunia la kilo 90. Karanga peke yake hazitakulipia nauli ya lori. Unganisha na dagaa wakavu kwa jiko la ukumbi huo huo, na ulezi au mtama kwa mpishi wa pombe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ubora nao ndio utakaokupitisha mpakani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Kiwango cha Jumuiya kwa mahindi na karanga ni sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni. Kwa hiyo anika juu ya turubai, usiweke magunia sakafuni, tenga punje zilizovunjika au kuota ukungu, na uulize cheti cha ubora kabla ya kupakia.

Unapokwenda kutafuta mteja, usianze na gunia. Peleka sampuli ya kilo moja, safi na iliyofungwa vizuri, na bei iliyoandikwa pamoja na siku ya kufikisha mzigo. Mwenye ukumbi anataka karanga za Jumamosi hii zifanane na za Jumamosi ijayo. Ukimkosesha mara mbili, atanunua sokoni kwake.

Na ukialikwa kwenye duara, kaa, uonje kidogo, kisha uangalie ni kitu gani kinaisha kwanza mezani. Pombe si chai, na wewe una mzigo wa kuvusha asubuhi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mchuuzi, mgeni huyo ni yule anayeingia na kile ambacho mwenyeji amekosa.